Wimbo wa Kungoja Umeme Ufe

Je, aliruka ubeti, au ni mimi niliyeacha kusikiliza?

Swali lilikuwa dogo hivyo, na kwa majuma mengi lilininyima usingizi katika chumba changu cha kupanga hapa Homa Bay. Nililala nikiuimba wimbo wa Mwalimu kimoyomoyo, nikijaribu kukumbuka alichokiimba mchana mbele ya kabati la umeme na alichokiacha. Kama aliruka, basi mtu aliyenifundisha kazi angeweza kufa mbele ya macho yangu siku yoyote. Kama hakuruka, basi mimi ni msichana mwenye wasiwasi anayemsingizia mzee maradhi. Nilikuwa na sababu nzuri za kuamini kila upande. Mimi huwa ninazo siku zote. Ndiyo taabu yangu.

Lazima nieleze huo wimbo ulikuwa unafanya nini kazini.

Kiwanda chetu kiko kando ya ziwa. Samaki aina ya mbuta huletwa kutoka visiwa vya Remba na Takawiri, hukatwa minofu, hugandishwa. Kila kinachozunguka pale ndani, pampu za maji, kompresa za chumba cha baridi, mikanda ya kubebea samaki, huzungushwa na mota, na karibu kila mota ina draivu yake. Draivu ni sanduku la kielektroniki ndani ya kabati la chuma, na kazi yake ni kuiambia mota iende kasi gani. Ikihisi kitu hakiko sawa, huisimamisha mota, hulia, na kuandika herufi na tarakimu chache kwenye kioo chake kidogo. Hiyo ndiyo alamu. Kazi yetu ni kujua kwa nini imelia.

Na kuna hatari moja ambayo mgeni haijui. Ukizima swichi kuu, umeme haufi papo hapo. Ndani ya draivu mna kapasita, mfano wa vikopo vinavyohifadhi umeme, na umeme huo unaweza kukuua muda mrefu baada ya swichi kuzimwa. Lazima ungoje uishe. Wengine hungoja kwa kutazama saa. Mwalimu alingoja kwa wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kanisa lake la Sabato, kwa Kijaluo, mrefu na wa polepole. Alizima swichi, akaifunga kwa kufuli lake, akavua kofia, akauimba wote toka mwanzo hadi mwisho, amesimama wima kama yuko kwenye kwaya. Ukiisha, alitazama kama taa ndogo nyekundu ndani ya draivu imezimika, akapima kwa mita yake ya umeme, ndipo akagusa.

Nilipokuwa mwanafunzi wake nilimuuliza kwa nini asitumie saa kama watu wengine.

"Saa, meneja anaweza kuikatiza," alisema. "Atakuja aniambie, Mwalimu, kazi imelala, fungua tu. Lakini mtu akiwa anamwimbia Mungu, nani atamkatiza? Wewe umewahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Baadaye nilimwona meneja wetu, mtu anayempigia kila mmoja kelele, akisimama nyuma ya Mwalimu na mikono mgongoni, akingoja ubeti wa mwisho huku barafu ikiyeyuka. Siku moja hata alijikuta amesema amina.

Watu wote walimwita Mwalimu, au Japuonj, ambalo ni neno hilohilo kwa Kijaluo. Alikuwa amefundisha umeme kwenye chuo cha ufundi Migori, na huko ndiko nilikomkuta kabla sijaenda chuo kikuu. Alipostaafu alihamia nyumbani kwake Kendu Bay, na viwanda vikaanza kumwita kila alamu ilipowashinda mafundi. Mimi nilipoajiriwa hapa, kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba kuna mzee fulani tunamwita mambo yakiwa magumu. Nilimjua kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Alikuwa mtu wa kujipenda. Sakafu ya kiwanda cha samaki haikauki, na sisi wote huvaa gambuti. Yeye alikuja na viatu vya ngozi vilivyong'aa, akavivika mifuko ya plastiki iliyokuwa ya mkate, akaifunga kwa kamba kwenye vifundo vya miguu. Gambuti, alisema, ni za kulima. Akina mama wanaoosha sakafu walimngojea wacheke.

"Japuonj, leo umevaa mkate gani?"

"Wa siagi. Na nyinyi chekeni tu. Siku mtakayonizika, viatu vitakuwa safi."

"Sisi tutakuzika na hiyo mifuko!"

Alipenda kuchekwa na akina mama. Hakupenda kuchekwa na wanaume, hasa mafundi, na hasa mafundi vijana.

Kuhusu alamu alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka wanafunzi tukaiigiza bwenini kwa sauti yake ya puani. "Usifute! Ukifuta umemfukuza shahidi." Maana kwenye draivu kuna kitufe cha kufuta alamu, na mtu mwenye haraka hukibonyeza, mota ikawaka, kila mtu akafurahi, na baada ya muda ikalia tena. Mwalimu alikichukia kitufe hicho kama adui. Alisema alamu haikuambii nani amekosa. Inakuambia nani amelalamika, na mara nyingi anayelalamika ni yule aliye mwisho kabisa wa mstari.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, aliuliza. Na aliuliza kwa namna ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Aliomba viti. Akaketi na yule aliyekuwa karibu na mashine iliposimama, akamwambia, "Haya, ilikuwaje?" Akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akaletwa mtu mwingine aketi nao, naye Mwalimu akasema, "Huyu hajasikia, hebu msimulie." Na baadaye tena, kwa wa tatu.

Alisema alijifunza hayo matangani. Kwa Wajaluo, mtu akifa, kila kundi la wageni linalofika huketi, na yule aliyekuwa na marehemu huwasimulia ugonjwa tangu ulipoanza: aliumwa nini, akapelekwa wapi, akasema nini. Wageni wakiondoka, wengine hufika, naye huanza upya. Mwalimu alikaa kwenye matanga mengi sana, na sikio lake la fundi halikulala hata huko.

"Mara ya kwanza mtu anajitetea," aliniambia. "Mara ya pili anakufurahisha wewe mgeni. Mara ya tatu amechoka, anasema tu ilivyokuwa."

Kule Migori, kwenye mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, kulikuwa na draivu iliyolalamika joto asubuhi za mvua. Joto, siku za mvua! Fundi mmoja alibadilisha feni, mwingine akasafisha vumbi lote. Sisi wanafunzi tulichukuliwa kwenda kuona. Mwalimu aliketi na askari wa usiku, akamsimulisha, akamsimulisha tena. Mara ya tatu akamuuliza kwa upole, "Na mvua ilikunyeshea?"

"Ilininyeshea, Mwalimu, sana."

"Na kabuti?"

Askari akalitazama kabati la umeme. Sisi wote tukalitazama. Alikuwa akilianika koti lake lililolowa pale juu, penye matundu ambapo hewa ya moto hutokea, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa na joto katika boma lile zima. Mwenye mtambo alipokuja, Mwalimu alimwambia tu kwamba hewa ilikuwa imezibwa na sasa imezibuliwa. Kabla ya kuondoka alipigilia msumari kwenye ukuta wa jikoni, akamwonyesha askari kwa kidole.

Nimeandika hayo nikijua yanamfanya aonekane mwema kuliko alivyokuwa. Kwa askari alikuwa na subira. Kwa watoto wake mwenyewe, waliokuwa Nairobi na Kisumu, simu zake zilikuwa fupi kama amri. Kwa mwanafunzi aliyechelewa kuelewa aliweza kuwa mkatili. Aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba mimi hufikiri kama mtu anayetafuta ufunguo akiwa ameushika mkononi. Darasa lilicheka. Nilijiuliza mwaka mzima kama alimaanisha kwamba nina akili au sina.

Na kukubali kosa hakukujua. Mara moja kompresa yetu ilisimama, alamu ikisema njia moja ya umeme haifiki. Yeye alisema ni watu wa stima, wamekata huko nje. Mimi nilisema, kwa sauti ndogo, huenda kuna skrubu imelegea ndani ya swichi. Akanitazama kama nimetukana. Niliporudi kutoka kula mchana kompresa ilikuwa inanguruma, bisibisi yake ilikuwa juu ya kabati, na mezani pangu palikuwa na soda. Soda ile niliiwaza mpaka ikapoteza ladha.

Jumamosi hakufanya kazi. Simu yake ilizimwa Ijumaa jua likizama, na samaki wote wa ziwa lile wangeoza asiiwashe. Lakini pampu ya zahanati moja ya jirani iliposimama siku ya Sabato, na wagonjwa hawana maji, alikuja. Alikuja na suti ya kanisani na bila chombo hata kimoja. Alisimama mlangoni, mikono mifukoni, akaniambia nifungue nini, nipime wapi, niguse kipi. "Mimi sifanyi kazi leo," alieleza kila aliyepita. "Nimekuja kusalimia." Wimbo aliuimba, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Siku ya kwanza ilikuwa kwenye pampu ya kuvuta maji ziwani. Draivu ililalamika kwamba mkondo wa umeme umezidi, yaani mota inasukuma kitu kizito, na ilikuwa wazi kwamba gugu maji limeziba mdomo wa bomba, lakini Mwalimu alitaka kuangalia nyaya pia. Alizima, akafunga kufuli, akavua kofia, akaimba. Nilikuwa nyuma yake nimeshika tochi. Wimbo ukaisha. Nilihisi kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta ngazi moja haipo. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, hafifu. Kwa bahati bisibisi ilimponyoka, na alipoinama kuitafuta, taa ikazimika.

Nilijiambia nimesinzia. Nilijiambia pia kwamba mtu anaweza kuimba haraka kidogo siku ya joto. Lakini tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza kama mtihani. Safari iliyofuata aliimba beti zote, nikajilaumu. Safari nyingine aliurudia ubeti wa pili kisha akamalizia, akaziacha za katikati zote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," nilisema, kwa kuwa ilibidi niseme kitu, "kwani kapasita ni ya kazi gani?"

Mkono ulisimama hewani. Aligeuka, akanitazama kwa huzuni, akaniita kwa jina.

"Gati. Hii si nilikufundisha Migori?"

"Nimesahau kidogo, Mwalimu."

Akanieleza. Alieleza vizuri, kwa mifano, kama zamani, hata akachora kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa kabati. Alipomaliza taa ilikuwa imekufa kitambo.

Hiyo ikawa mbinu yangu. Kila wimbo ulipopungua, nilijaza mimi kwa ujinga. Nilimuuliza tofauti ya nyaya, nilimuuliza maana ya alamu ambazo ninazijua hata nikiwa na homa. Odhiambo, yule anayeangalia kompresa, alikuja kuniambia huku akicheka.

"Mkuria wetu, Japuonj anasema chuo kikuu kimekuharibu. Ati kila siku unajua kidogo kuliko jana."

"Amesema hivyo?"

"Amesema tukuombee."

Nilicheka naye. Kisha nilikwenda chooni nikasimama mle mpaka macho yalipokauka.

Mtu atauliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia nusu. Nilimkumbusha mita. Miaka yote alitufundisha kwamba wimbo ni wa kungojea na mita ndiyo ya kuamini, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kupima pale tu mafundi vijana wanapomtazama. "Unanifundisha?" aliniuliza. Ila kwa siku kadhaa akapima. Nikapumua. Nikafikiri, basi, wimbo ukipungua mita ipo. Hakuna haja ya kumvunjia mzee heshima. Ningemwambia meneja, Mwalimu asingeitwa tena tangu kesho yake, na angejua ni nani aliyesema, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akisimama nyuma yake. Ningemwambia yeye mwenyewe na kumbe nimekosea, ningekuwa nimemtia mashaka mtu ambaye hana kitu kingine ila kazi hii. Ningenyamaza, na siku moja simtazami vizuri... Nilizunguka hivyo kila siku, nikirudi palepale.

Halafu ikaja siku ya mkanda.

Mkanda wa kubebea minofu ulisimama katikati ya kazi, alamu ikisema umeme unavuja kwenda ardhini. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga pande zote mbili na visu mikononi, meneja amesimama, samaki mbichi juani kwenye maboti. Mwalimu aliuliza maswali yake, lakini safari hii alimsimulisha mama mmoja mara moja tu. Akazima. Akaimba ubeti mmoja na nusu ya mwingine. Nikafungua kinywa niulize ujinga wangu, naye akaninyooshea kiganja: ninyamaze. Akachukua mita, akagusisha ncha zake, akasoma.

"Imekufa," akasema.

Taa ilikuwa inawaka. Niliitazama mita. Alikuwa amegeuza kitufe kwenye upande wa umeme wa kawaida, huu wa ukutani, ilhali unaobaki kwenye kapasita ni wa aina ya betri. Kwa upande ule mita haiuoni kabisa, itakuandikia sufuri hata kama kifo kimejaa mle ndani. Kosa hilo alitufundisha yeye. Kwenye chuo cha Migori ilikuwa ndiyo hadithi yake ya kwanza kwa kila darasa jipya.

Nilimshika mkono. Sikumgusa bega wala kumwita. Nilimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote nikauvuta nyuma, na mita ikaanguka. Mimi, msichana, nimemkamata mzee mbele ya kiwanda kizima. Mmoja wa akina mama alisema polepole, "Uuuwi."

Mwalimu aliuangalia mkono wake, kisha mimi. Niligeuza kitufe cha mita, nikapima mbele yake, nikamwonyesha tarakimu. Sijui kama aliziona. Alivua ile mifuko ya mkate viatuni, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

"Umenishika mbele ya watu," alisema.

Aliondoka bila kuchukua mita yake.

Watu wa kiwandani waligawanyika. Odhiambo alisema nimemwokoa. Meneja aliuliza tu kama mkanda utawaka. Mama mmoja aliniambia kwamba hata kama ni kuokoa, kuna namna ya kumshika mtu mkubwa. Niliamini kila mmoja wao kwa zamu.

Jumamosi nilikwenda Kendu Bay. Mke wake alinipokea uani, akanipa kiti na uji. Nilimwita Mama tangu nikiwa mwanafunzi.

"Umekuja kwa sababu ya mkono," alisema kabla sijaonja.

"Amekuambia?"

"Ameniambia. Jioni akaniambia tena kama hajaniambia." Aliangalia njia ya kutoka kanisani. "Hata huko, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Siku hizi anafungua kinywa akisubiri wengine."

Kwa hiyo sikuwa nimesinzia. Nilitarajia nitaona nafuu siku nitakapojua. Niliuweka uji chini.

"Lakini nisikilize, nyathina," alisema. Nyathina ni mtoto wangu. "Kiwanda kikipiga simu, anaamka kama kijana. Anapaka viatu rangi, anaimba bafuni. Siku isiyo na simu anakaa pale ukutani, ananiuliza kama leo ni Jumatatu. Ukimwondoa kazini, yule wa pale ukutani ndiye utakayeniachia mimi. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mwalimu alifika na suti na Biblia, na aliponiona uso wake ulifunguka. "Injinia! Umekuja Sabato, kwa hivyo hakuna alamu." Kama alikumbuka ugomvi, hakuonyesha. Aliketi, akauliza habari za wazazi wangu, za mahindi, za akina mama wa sakafu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Nilipomwambia, nilimwambia vibaya, kwa pumzi moja.

"Mwalimu, unaruka beti."

"Beti gani?"

"Za wimbo wa kungoja. Unauimba mfupi. Na mita uliigeuza upande mbaya."

Alicheka. "Wimbo huo nilikuwa nauimba mama yako hajazaliwa."

"Najua."

"Haya, imba. Nisikie ninachoruka."

Mimi ni Mkatoliki, na Kijaluo changu watu hukicheka sokoni. Niliimba hivyohivyo. Ubeti wa kwanza na wa pili alipigapiga goti lake kwa vidole, akanirekebisha neno moja. Nilipoingia wa tatu vidole vilisimama. Alinisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kama mtu anavyoisikiliza kwaya ya wageni. Nilimaliza zote.

"Ni mzuri," alisema. "Hizo za katikati umezitoa wapi?"

Mama, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akaingia ndani. Mwalimu aliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta kitu usoni pangu, kisha akaacha kukitafuta. Mpaka leo sijui kama alielewa. Aliponisindikiza barabarani alizungumza juu ya mvua, na mwisho, akiwa amenishika mkono kwa kuniaga, alisema:

"Jumatatu nitakuja mapema. Ule mkanda hatujaumaliza."

Jumapili nilimpigia meneja. Nilimweleza yote, wimbo, taa, mita. Akaniuliza swali ambalo siku zote hunishinda.

"Una uhakika?"

"Wa kila kitu, hapana," nilisema. "Lakini sisimami tena nyuma yake nikingoja kuupata."

Nilimwomba amwache Mwalimu awe anakuja kuwauliza watu tu, aketi nao kama anavyojua, sisi tufungue makabati. Meneja alisema hiki si chuo. Akasema tusisumbuke, askari wa lango atamwambia.

"Hapana," nilisema. "Asiambiwe na askari."

Jumatatu nilifika kabla ya zamu kuingia, nikasimama nje ya lango. Mwalimu alishuka kwenye pikipiki akiwa na mfuko wake wa vyombo, amenyoa, viatu vinang'aa hata kwenye tope lile. Aliniona akatabasamu.

"Mbona uko nje? Kuna alamu?"

"Ipo, Mwalimu. Nitaishughulikia mimi."

Alingoja niendelee. Akina mama wa sakafu walipita wakimsalimu, naye akawapungia. Kisha akaitazama sura yangu, akamtazama askari aliyekuwa ameinamisha kichwa, na tabasamu likatoka polepole.

"Meneja amekutuma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angemkasirikia meneja, watu wazima hukasirikiana na mameneja, na mimi ningebaki mwanafunzi wake, ningekwenda Kendu Bay Krismasi na sukari. Kwa mara ya kwanza katika mambo yote hayo sikuona upande wa pili.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. "Ni mimi niliyemwambia meneja. Hutafungua kabati tena, hapa wala popote nitakaposikia umeitwa."